Upande wa Tuva

Fundi bunduki hagusi mtutu kabla hajafuta vidole kwenye aproni, hata vikiwa safi. Ragnhild alimletea bunduki ya marehemu mumewe. Kipande cha kupunguza teke la bunduki begani, mdomoni mwa mtutu, kilikaa upande. Fundi akapapasa matundu yake kwa kidole gumba, akashika spana, kisha akaiweka chini.

"Mama, mzee aliwinda na mbwa?"

"Na Tuva. Alikuwa habanduki kushoto kwake."

"Basi alikizungusha makusudi. Matundu ya kushoto yanatazama juu, mshindo usimpige mbwa masikioni. Ila teke likamrudia yeye."

Ragnhild akakumbuka bega lililovilia damu kila msimu, naye akimcheka: mzee, umekwisha.

Fundi akafuta vidole tena. "Nikinyooshe?"

"Kiache," alisema kwa sauti ndogo, na huko nje garini Tuva akaisikia, akabweka.