Kipimo Nilichokiacha Rodi Kopany

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na akili zangu timamu, bila homa wala pombe. Na pombe hata leo sijui ladha yake.

Nilizaliwa upande wa Macalder, Nyatike, ambako baba yangu alichekecha dhahabu mtoni. Nilizaliwa na miguu mipana. Sisemi mipana kidogo. Ilikuwa mipana kama sahani, na kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilijitenga na wenzake kana kwamba waligombana. Watoto walinitania eti nilikanyagwa na ng'ombe nikiwa mchanga. Mama, ambaye macho yake yalianza kufifia nikiwa bado mdogo, alinipaka mafuta kila jioni, na miguu ndiyo aliyoipenda zaidi. Alisema hata akipofuka kabisa atanijua kwa miguu. Tulicheka, maana ilikuwa kweli.

Nikaolewa karibu na Rodi Kopany, katika familia ya Wasabato. Mume wangu hakujali nikitembea peku, lakini mama mkwe alikuwa mtu wa heshima zake, na mke wa mwanawe hangeingia kanisani Jumamosi na akala za matairi. Basi nikaanza kutafuta viatu vya kufunika. Nilitafuta Homa Bay, nikatafuta Migori mjini, nikapekua mitumba mpaka wauzaji wakanichoka. Vya kike vilinibana hadi machozi. Vya kiume viliingia upana, lakini mbele kulibaki nafasi ya kuweka viazi.

Ndipo siku moja ya soko, pale Rodi, nikamwona mama mgeni amekaa pembeni kabisa. Viatu vyake vilikuwa kwenye gunia, na miguu yake ameifunika kwa leso. Alikuwa mwembamba, mzuri, mwenye sauti ya chini. Aliitazama miguu yangu kabla ya kunitazama usoni.

"Nyar Nyatike," akaniita, yaani binti wa Nyatike, jina nililoitwa na watu wa boma la mume wangu tu. "Viatu ya mguu kama hii haiko leo. Niachie kipimo, nitakutafutia."

Akatoa uzi wa mkonge, akapima urefu wa wayo wangu, akazungusha pale penye upana, akafunga fundo. Sasa elewa jambo hili. Kwetu, ukimtuma mtu sokoni akununulie viatu, unampa kijiti au kamba yenye urefu wa mguu wako. Lakini kipimo lazima kirudi. Viatu vipatikane, visipatikane, kinarudi kwako na unakichoma mekoni. Hakilali kwa mtu mwingine. Nilinyoosha mkono nipewe kamba yangu, naye akacheka: "Sasa mimi nitakumbuka mguu yako na nini?" Nikaona aibu, nikamwachia.

Siku ya soko iliyofuata hakuwepo. Nilipouliza, muuza nyanya wa karibu aliniambia mahali pale hufungwa mbuzi tu, hajawahi kuona mtu wa viatu.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja jirani yetu akapiga kelele. Usiku mtu alikuwa ametikisa mlango wake na kurusha mchanga juu ya mabati, na matopeni nyayo zilizunguka nyumba nzima. Zilikuwa nyayo pana. Mguu wa kushoto, kidole cha mwisho kimejitenga. Watu walizitazama zile nyayo, kisha wakaitazama miguu yangu, wakaondoka mmoja mmoja. Neno lenyewe lilisemwa jioni, kisimani: jajuok, mtu anayekimbia uchi usiku akitisha watu majumbani. Mume wangu akaapa kwamba nililala ubavuni pake. Wakamwambia jajuok humlaza mumewe kwa dawa kwanza. Hapo utajitetea vipi?

Mama mkwe aliniita jikoni kwake. Hakunitukana. "Nyathina," akasema, mwanangu, "mimi nakupenda. Lakini hiyo nyayo ikirudi tena watakurudisha kwenu, na mimi sina nguvu ya kuwakataza." Nililia sana. Lile boma nilikuwa nimelipenda, na mume wangu nilimpenda zaidi.

Nyayo zikarudi. Niliamka alfajiri kabla ya mtu yeyote, nikazikuta mlangoni kwa mama mkwe mwenyewe. Nikachukua ufagio, nikawa nazifuata huku nazifuta, jasho linanitoka kwenye baridi ile. Nje ya boma nikasimama, nikauweka mguu wangu ndani ya wayo mmoja. Uliingia sawasawa, hata kile kidole. Hasira ilishinda woga. Nikazifuata mpaka kijitoni.

Kulikuwa kumepambazuka vya kutosha. Yule mama wa viatu alikuwa amekaa juu ya jiwe, ananawa miguu. Na usiponiamini shauri yako, lakini ile miguu ilikuwa yangu. Hata kovu la jembe nililopata utotoni lilikuwepo. Nikajitazama chini, nikaona yangu bado ninayo.

"Nirudishie kipimo changu," nikasema.

Hakukasirika. "Mimi nilizaliwa na mguu nyembamba," akaniambia. "Kila kiatu inanipwaya. Nikipita mahali, ni kama sijapita. Hii yako inakaa kwa udongo vizuri." Akafungua kamba shingoni. "Chagua. Ukichukua kamba, unaniachia miguu, na hakuna mtu atakuita jajuok tena. Ukikataa, tutatembea wawili."

Wewe ungechagua nini? Nilimfikiria mume wangu, nikafikiria kurudishwa kwetu na jina lile. Nikachukua kamba. Akanisogezea viatu vyeusi, vyembamba kama vya msichana wa mjini. Nilivijaribu nikijua haviwezi kuingia, vikaingia laini. Nilipoinua kichwa, jiwe lilikuwa tupu.

Kamba niliichoma mekoni. Jumamosi nikaingia kanisani na viatu vyangu, na mama mkwe akanishika mkono mbele ya watu wote. Hakuna aliyeshangaa. Ajabu ni kwamba hata mume wangu hakukumbuka kama miguu yangu iliwahi kuwa mipana. Nilijiambia nimepona, nikafurahi kabisa.

Kisha baba akafariki. Tulifika Nyatike mchana, mimi na mume wangu. Mama alikuwa amekaa nje chini ya ukuta, macho yameshazimika. Nikamwangukia nikilia. Alinipapasa kichwa, mkono wake ukashuka miguuni kama zamani, ukasimama.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mama. Mtoto wako."

Akauondoa mkono taratibu. "Mtoto wangu alifika jana usiku. Nimempaka mafuta mwenyewe. Amelala ndani, amechoka na safari."

Nikatazama mlangoni. Nyayo pana zilikuwa zimeingia. Za kutoka hazikuwepo. Unafikiri niliingia kumtoa? Sikuingia. Sauti yangu alikuwa ameisikia na haikutosha, na sikuwa na kingine cha kumpa Mama kinachoshinda miguu ile.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Kila nilipomtembelea alinipokea vizuri, akaniwekea kiti na kunipa uji, kama mnavyompokea mgeni. Alinisimulia habari za binti yake anayekuja usiku, na alikuwa na furaha. Hiyo furaha yake iliniuma kuliko kitu chochote maishani. Alikufa akimwita, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale kando yake.

Kwa hiyo wewe mwenye mguu mpana, au mwembamba, unayezunguka masoko ukitafuta kiatu: peleka mguu wenyewe. Vaa kinachobana, au tembea peku uchekwe. Kipimo chako usimwachie mtu, hata akikuita kwa jina. Mimi leo hakuna kiatu dukani kinachonikataa. Lakini mvua ikinyesha, nikikatiza uwanja, hugeuka nyuma kutazama, na kwenye matope sioni alama yoyote kwamba nimepita.