Timu ya Taifa kwenye Barafu ya Sydney, na Dua Iliyotangulia Hotuba

Niliondoka Tanga kwa sababu ya sakafu. Naanza na hilo kwa kuwa wengi wenu mliniuliza pale msikitini, mzee wa umri wangu anafuata nini kwenye mashindano ya barafu, nami nikawajibu kwa haraka nikiwa na viatu mkononi. Sasa nimekaa, nawaeleza vizuri.

Sakafu ya madrasa yetu ni ya terazo, na miguu ya watoto imeisugua mpaka inang'aa. Mwanaidi, fundi cherehani ambaye alisoma kwangu tangu juzuu ya kwanza, anatumia kiti cha magurudumu tangu polio ilipompata utotoni. Alikuja kwangu na wenzake watatu, wote wa viti, wakaniomba niwaachie ukumbi jioni baada ya watoto kuondoka. Kocha wao alikuwa amewafundisha mchezo wa kusukuma jiwe zito la mviringo juu ya barafu. Mchezaji hukaa kwenye kiti chake, hulisukuma jiwe kwa fimbo ndefu, na jiwe hutambaa mpaka kwenye duara lililochorwa upande wa pili. Atakayekaribia kitovu cha duara ndiye mwenye pointi. Ni mchezo wa subira, na mimi nikaupenda hapo hapo.

Barafu Tanga hatuna, isipokuwa ile ya kuhifadhia samaki. Basi walichukua masufuria, wakayajaza saruji, wakayatia mikono ya chuma, wakamwaga maji ya sabuni kwenye terazo yangu. Madrasa haijawahi kuwa safi kama miezi ile.

Ulipokuja mwaliko wa mashindano ya kimataifa ya michezo ya majira ya baridi kwa watu wenye ulemavu, kule Sydney, timu yetu ikapanuka ghafla. Wachezaji walibaki wale wale wanne. Waliopanuka ni wengine: kiongozi wa msafara, ambaye nitamwita Mheshimiwa kwa kuwa hapendi kuitwa vingine, msaidizi wake, msaidizi wa msaidizi, mpiga picha wa Mheshimiwa, na Bwana Itifaki, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mtu ametajwa kabla ya jambo lolote kutendeka. Kocha alibaki Tanga kwa kukosa nafasi. Mimi nilikwenda kwa tiketi ya binti yangu Zuhura, muuguzi wa huko, aliyekuwa akiniita miaka mingi nikamwone mjukuu. Mheshimiwa aliposikia nakwenda, alifurahi, akasema msafara ulikuwa umepungukiwa mtu wa dua.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege, tulikabidhiwa bendera. Tulikwisha kukabidhiwa Tanga, na tena kwenye ofisi za chama cha mchezo, lakini kila Mwanaidi, nahodha wetu, alipoipokea na picha zikapigwa, Bwana Itifaki aliichukua taratibu mikononi mwake, akaikunja, akaitia mkobani, ili iweze kukabidhiwa tena mbele ya safari.

"Maalim," alininong'oneza Pius, mchezaji wetu wa pili na mtu wa masihara, "hii bendera tunapewa au tunaonyeshwa?"

Njiani tulibadilisha ndege Uarabuni. Ndege ilikuwa kubwa na chakula kilikuwa halali, namshukuru Mungu. Makoti mazito yaliyoandikwa jina la nchi yalikuwa yameshonwa kwa vipimo vya viongozi. Mwanaidi alikuwa amejishonea yeye na wenzake makoti ya kitenge yenye blanketi ndani, na ninasema bila upendeleo kwamba watu wa ndege waliwapiga picha wao.

Sydney tulifika asubuhi ya baridi kavu. Zuhura alinipeleka kwake Quakers Hill, ambako nyumba nzuri zimejengwa kana kwamba baridi ni uvumi. Nilitawadha kwa maji yaliyonifanya niyakumbuke madhambi yangu yote. Mjukuu wangu Samira anakielewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama yake hunitafsiria. Jioni ile aliniuliza timu yetu ni ya ngapi duniani. Nikamwambia bado hawajaulizwa. Alicheka, na hilo halikuhitaji tafsiri.

Katika ukumbi wa barafu, siku ya mechi ya kwanza, tuligundua jambo ambalo terazo haikutufundisha. Barafu ya mchezo huu si laini. Hunyunyiziwa matone ya maji yakaganda, ikawa na chunjuachunjua kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Mawe yetu ya mwanzo yalipita duara yakagonga ukuta wa mwisho. Yaliyofuata yalisimama katikati ya njia, kama yamesahau yalichotumwa. Tulifungwa bila pointi hata moja na watu wa Ulaya ya kaskazini, wapole mno, waliotushika mikono kabla na baada.

Mechi ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ila ukutani tuligonga mara chache zaidi. Mheshimiwa aliwaambia waandishi kwa simu kwamba timu inaimarika.

Usiku wa kuamkia mechi ya tatu na ya mwisho Mwanaidi alinipigia simu. Sauti yake haikuwa ya masihara.

"Maalim, nimeulizia kwa waandaaji. Timu isiyofika uwanjani kwenye mechi yake haialikwi tena. Na Mheshimiwa kasema bila mwaliko chama kitaufuta huu mchezo."

"Kwani kuna nini cha kuwazuia msifike?"

"Kuna hafla."

Hafla hiyo ilikuwa ya kuipongeza timu, iliyoandaliwa na msafara wenyewe katika ukumbi wa kukodi kule Liverpool, kusini-magharibi ya jiji, saa nne asubuhi. Mechi ilikuwa saa tisa alasiri. Nikamwambia muda upo mwingi.

"Maalim wangu," alisema, "wewe umesomesha watoto. Hujawahi kungoja mgeni rasmi."

Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau. "Nyumbani watu wananiuliza miguu ilipatwa na nini. Nikiwa kwenye barafu wananiuliza jiwe nitalipeleka wapi. Nataka niendelee kuulizwa hilo."

Jumapili, saa nne asubuhi, tulikuwa Liverpool. Ukumbi ulijaa Watanzania wa huku, wanafunzi, wauguzi, mafundi, na jamaa wa Kirundi waliokulia kwenye kambi za Kigoma. Meza kuu ilipambwa vizuri juu ya jukwaa, na jukwaa lilikuwa na ngazi. Timu iliyokuwa ikipongezwa ilipangwa chini, pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Pius alisema hewa ya hapo ni nzuri, walau inanukia pilau.

Saa tano, mgeni rasmi hakuwapo. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, aliyefikia hoteli ya katikati ya jiji. Saa sita, msaidizi wake alitangaza kwamba yuko njiani. Saa saba aliingia, ana mifuko ya madukani, tukasimama tulioweza kusimama.

Salvator, Mrundi aliyejitolea kutuendesha kwa gari lenye lifti ya viti, alinijia akionyesha saa yake.

"Muzee, hapa mpaka kwa barafu ni karibu saa moja. Na hawa watu ine, kupanda na kushuka. Tukitoka sasa, tunafika. Tukingoja madisikuru, hizi hotuba zote, bon, hiyo mechi itacheza yenyewe."

Nilimwendea Bwana Itifaki. Alinisikiliza kwa adabu kubwa.

"Maalim, wazungu watatusubiri. Sisi ni wageni wao. Kuna utambulisho wa meza kuu, kuna risala, kuna salamu za kila mkoa, hotuba ya msaidizi, hotuba ya mgeni rasmi, kukabidhi bendera, na neno la shukrani. Nahodha hawezi kuondoka kabla ya kukabidhiwa bendera. Ataonekana kaidharau."

"Na kabla ya yote hayo?"

"Kabla ya yote, wewe. Dua fupi ya kufungua."

Nilipanda jukwaani polepole, kwa sababu ya magoti yangu. Kutoka kule juu nilimwona Mwanaidi. Fimbo yake ya kusukumia jiwe alikuwa ameilaza mapajani, na kidole gumba chake kilikuwa kinaisugua juu na chini, kama mtu anayevuta tasbihi. Nikainua mikono.

Ndugu zangu, katika kusoma kwangu kote sikupata kuona dua iliyopigwa muhuri wa kufungua na nyingine wa kufunga. Mwenye kuisikia ni mmoja, na hafuati ratiba. Basi nikamwomba lililohitajika.

"Ewe Mola wetu," nilisema, "tunakushukuru kwa kutukusanya katika hafla hii na kuifikisha mwisho wake kwa amani. Wewe walipa kwa nia. Basi kila aliyekusudia kuhutubia, mlipe thawabu ya hotuba yake kamili, usimpunguzie neno. Meza kuu umekwisha kuitambua, majina yao wayajua. Utujaalie chakula hiki kiwe na baraka. Wanaobaki wabaki salama, na wanaokwenda kwenye mechi wafike mapema. Al-Fatiha."

Ukumbi ukasoma. Wakristo, ambao walikuwa wengi, wakaitikia Amina kwa nguvu kuliko Waislamu. Watu wakajipangusa nyuso. Na hapo likatokea lile linalotokea kwetu tangu tuzaliwe: akina mama wa jikoni, waliposikia Fatiha imeisha, walifungua mlango wakatoka na masinia ya pilau.

Bwana Itifaki alikimbilia kipaza sauti. "Ndugu wageni waalikwa, tafadhali, tulikuwa tunafungua! Tulikuwa tunafungua!"

Hakuna aliyesikia. Foleni ilishafika ukutani. Mtu amesimama na sahani mkononi tangu saa nne, utamwambia nini kuhusu salamu za mikoa? Mheshimiwa alinitazama kwa mshangao, kisha akalitazama sinia la nyama lililokuwa likipita, akaketi.

Mlangoni Salvator alikuwa tayari anashusha lifti.

Barabarani nilikaa mbele, nikisoma nyuradi zangu, hasa kwenye taa nyekundu. Nyuma kulikuwa na vicheko.

"Maalim, umetufungia hafla kabla haijazaliwa," alisema Pius.

"Nimeomba dua. Waliokula ni wao."

"Na pilau letu?"

"Pius, utakula ukirudi, ukiwa na cha kusimulia."

Tulifika ukumbi wa barafu mwamuzi akiwa ameshika saa yake. Viti viliingia kimoja baada ya kingine, makoti ya kitenge yakawaka kama maua juu ya ule weupe. Wapinzani wetu walikuwa wenyeji, vijana wenye vifua vipana, nao walitupigia makofi tulipotokea.

Walitushinda kwa mbali, sitawadanganya. Lakini katika awamu ya nne, jiwe la mwisho lilikuwa la Mwanaidi, na la wenyeji lilikuwa limekaa ukingoni mwa duara. Pius alikishika kiti chake kwa nyuma kisiteleze. Mwanaidi hakuharakisha. Aliitazama barafu ile ya matone kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukata. Kisha akasukuma. Jiwe likatambaa, likapunguza mwendo, likalipita la wenyeji kwa nafasi ya kiganja, likaingia, likatulia.

Kwenye ubao, mbele ya jina la nchi yetu, ikaandikwa moja.

Zuhura, aliyekuja na Samira kututazama, alipiga vigelegele mpaka mwamuzi akageuka. Samira aliuliza mbona tunashangilia na huku tunafungwa. Mama yake alitaka kutafsiri, nikamwambia nimeelewa. Nikamjibu, "Mjukuu wangu, jana tulikuwa hatuna. Leo tunayo." Akafikiri, kisha akapiga kigelegele chake cha kwanza, kibaya, chenye lafudhi ya Kiingereza.

Mheshimiwa na msafara walifika wakati wa kushikana mikono, wameshiba. Alizungumza na mpiga picha wake, akasema tumevuka malengo. Halafu akaita bendera, ili ikabidhiwe rasmi pale kwenye barafu. Bwana Itifaki akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena.

"Ninayo, Mheshimiwa," alisema Mwanaidi. Ilikuwa imefungwa nyuma ya kiti chake tangu mwanzo wa mechi.

"Nani amekukabidhi?"

"Pius. Wakati wa pilau."

Turudi nyumbani sasa. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam tulipokewa kwa hotuba, na dua ilisomwa na sheikh mwingine. Bwana Itifaki alinisalimia kwa heshima akiwa mbali. Simlaumu, kila mtu na kazi yake. Wiki chache baadaye waandaaji waliandika kwamba timu iliyocheza mechi zake zote inakaribishwa tena. Chama kimeshaanza kupanga msafara, na kocha ameambiwa kwamba nafasi yake inafikiriwa.

Mkiniuliza nilichojifunza, ni kwamba sisi tunapenda sana kuwaombea watu, na ni jambo jema, ila tusiwazibie njia kwa miili yetu huku tunawaombea wapite. Nikiwa kwenye sala siku hizi najichunga nisirefushe, nikiwaona wenye safari safu za nyuma.

Jioni iliyopita walirudi kwenye sakafu yangu. Sasa hawamwagi sabuni tu. Mwanaidi ametunyunyizia mchanga laini, ili terazo ifanane na ile barafu yenye vipele. Walijipanga, sufuria la kwanza likawekwa mstarini, wakaniomba nianze. Nikainua mikono.

"Maalim," aliuliza Pius, "ni ya kufungua au ya kufunga?"

"Ya kufungua."

Nilikuwa bado katikati nilipolisikia sufuria la Mwanaidi limeshaondoka, linakwaruza mchanga kuelekea kwenye duara. Sikukatiza. Nikaitikia Amina likiwa njiani.