Mfanyabiashara wa Kishapu

Duka langu la Masumbwe lilikuwa la sululu, makoleo, kamba na tochi za wachimbaji. Lakini kwenye makaratasi lilikuwa la mama yangu, ambaye hajawahi kulikanyaga. Wajanja wenzangu ndio walionishauri: andikisha jina la mzee wa kijijini, nani atamsumbua? Nilimwomba kitambulisho, akanipa bila kuuliza. Na namba ya simu nikaandika yake. Ujanja mwingi, mbele giza.

Barua ya kwanza ya kodi ilipokuja na jina lake, niliisoma nikaikunja. Ya pili ilileta makadirio, ikasema wazi kwamba asiyekubaliana nayo aandike pingamizi. Hata mstari mmoja sikuandika. Nilijitia hamnazo, nikaendelea kuuza makoleo.

Basi watu wa kodi wakampigia yeye. Kwetu Usukumani mtu mzima akiitwa na serikali haandiki majibu, anakwenda. Mama akapanda basi kutoka Kishapu na gauni lake la kanisani na furushi la michembe, viazi vyetu vya kukausha, zawadi kwa waliomwita. Alinipigia akiwa tayari ofisini, akasema wanamwita mfanyabiashara na haelewi.

Nilimkuta kwenye benchi, ameshawasalimia wote mwangaluka, michembe iko mezani kwa afisa na afisa hajui aiweke wapi. Kijana mwenye adabu. Alimwamkia shikamoo, akamweleza polepole kwamba duka linadaiwa na adhabu inaongezeka. Kisha akamuuliza kama duka ni lake. Akikubali, deni ni lake, na mali yake yote ni ng'ombe alioachiwa na baba.

Mama alinitazama. Nami, mwanaume mzima mwenye ndevu, nikatazama sakafu. Lilihitajika neno moja tu, jamani, na wa kulisema nilikuwa mimi.

“Ni langu,” akasema. “Huyu mwanangu ananisaidia tu kuuza.”

Nikamwacha aweke dole gumba. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

Tulipotoka nje alikuwa anafuta wino kwa ncha ya kitenge, hana hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza.

“Ng'ombe wanne watatosha, mwanangu?”

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kupiga hesabu.