Tonge la Yeshimebet

Kwa miaka sitini mama mkwe wangu, Yeshimebet, hakuwahi kuvunja mfungo wa kabla ya Krismasi, wa kutokula nyama wala mayai. Mwaka mmoja nilionja mchuzi wa kuku kwa ncha ya ulimi tu, akanisema mpaka Pasaka.

Mwaka huu, siku moja kabla ya sikukuu, homa ilimpanda ghafla binti yangu Tsige, wa miaka minne, akagoma kula. Bibi yake akamega mkate wa injera, akauchovya kwenye mchuzi wa kuku na mayai uliopikwa kwa sikukuu ya kesho, akamlisha.

"Tonge la mkono halikataliwi. Ukilikataa, hunipendi."

Tsige akalimeza. Kisha akakata tonge lake, akaweka na kipande cha yai la mchuzi, akamnyooshea bibi yake.

"Haya, na wewe, bibi."

"Mama, mfungo," nikamkumbusha.

"Nyamaza. Mungu nitamweleza. Huyu nitamweleza nini?"

Akafungua kinywa.