Mume wa Pili, Nusu Bei

Nitasema ukweli: nasoma blogu ya kijana mmoja, Dondoo, kila siku, na uvivu wangu uko palepale. Anaandika kuhusu biashara ndogo, mtandao, na namna ya kutumia muda vizuri. Anaandika vizuri tu. Tatizo ni kwamba yote hayo anayaandikia kwenye kona ya chumba cha pasi, katika duka la dobi la shangazi yake, na mle ndani kila mtu anafanya kazi isipokuwa yeye.

Ana kimeza chake dirishani, kati ya kapu la mashuka na waya wa mashati. Juu yake kuna kompyuta, kikombe, na saa ya jikoni, ile ya kukukumbusha sufuria iko motoni. Anaizungusha, anaandika. Ikilia, anapumzika. Shangazi anasema kupumzika amekuona kwa macho yake, kuandika bado anasikia tu.

Siku moja Dondoo alikuwa anachagua rangi ya kitufe kwenye tovuti aliyomtengenezea shangazi. Ameikodolea macho tangu asubuhi.

"We mtoto wa kaka yangu," Shangazi akasema, pasi mkononi. "Hii bluu na hii bluu zina tofauti gani?"

"Shangazi, hii inamwita mteja. Hii inamfukuza."

"Basi weka inayoita, maana mimi naita kwa mdomo hadi koo limekauka. Na unisikilize. Mwezi ukiisha, hiyo tovuti haijaniletea mteja hata mmoja, kimeza kinatoka. Naweka meza nyingine ya pasi."

"Na mimi nitaandikia wapi?"

"Kwenye kamba, nikishakuanika."

Dondoo akanywea. Usicheke, hana ofisi nyingine. Nyumbani wadogo zake wakimwona amekaa wanampanda mgongoni. Pale dirishani ni mwandishi; akitoka pale ni kijana tu aliyekaa. Kwa hiyo akakaza.

Sasa, watengenezaji wa tovuti wana mchezo wao. Maneno yenyewe yakiwa hayajapatikana, wanajaza ya uongo kwanza waone yanakaaje, halafu wanayafuta. Wengi wanajaza herufi za ovyoovyo. Dondoo alishachoka, akajaza utani:

"Tunafua nguo, mapazia, mazulia, na waume waliokaa muda mrefu bila kufuliwa. Wako utarudishiwa amenyooka. Mume wa pili, nusu bei."

Akacheka peke yake. Saa ikalia, akaenda kupumzika. Aliporudi akaifungulia tovuti dunia nzima, na maneno yake yakiwa vilevile. Kisha, sikiliza hii, akakaa akaandika dondoo ndefu kwenye blogu: "Soma Kazi Yako kwa Sauti Kabla Hujaionyesha Watu." Mganga hajigangi, jamani.

Asubuhi simu ya duka ikaanza.

"Ndiyo, hapa kwa dobi," Shangazi akapokea. "Nini? Unataka nimuoshe nani? Hapana, mama, watu hatupimi kwa kilo!"

Akakata. Ikalia tena.

"Anakoroma? Kukoroma si doa, dada yangu! Hakuna sabuni yake!"

Dondoo akafungua tovuti, akasoma. Macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Shangazi, naomba nieleze..."

"Eleza huku unakimbia," Shangazi akasema, akanyanyua taulo lililolowa.

Taulo halikufika. Mlango ulifunguliwa, akaingia mama mwenye duka la viatu la ng'ambo ya barabara, amemshika mumewe mkono. Mume ni mwashi. Alikuwa mweupe kwa saruji kuanzia nywele hadi kucha.

"Nimemleta wangu," mama akasema. "Akikaa kwenye kochi, kochi linaganda."

"Mke wangu, ule ni mzaha wa mtandaoni."

"Nyamaza, unafuliwa."

Shangazi akamkagua mwashi juu hadi chini. Shangazi huyu akiona uchafu hawezi kuuacha uende zake. Mkono ukaanza kumwasha.

"Mtu simfui," akasema. "Ila hizo nguo, leo ni mimi nazo. Bwana, pita nyuma ya pazia, vua, jifunge shuka hili, ukae pale."

"Hadi lini?"

"Hadi zikauke."

"Na nikikaa nafanya nini?"

"Unaona aibu," mkewe akajibu, akarudi kuuza viatu.

Lakini mwashi hakuona aibu. Alilala usingizi mzito. Alipoondoka akawaambia wenzake kuna mahali mwanaume anakaa na shuka lake, na hakuna anayeweza kumtuma popote, maana atamtumaje na hana suruali? Kesho yake wakaja wengine. Makanika alikuja peke yake, bila mke.

"Nani amekuleta?" Shangazi akauliza.

"Nimejileta."

Mwezi ulipoisha Dondoo akasimama katikati ya chumba, kifua mbele. "Shangazi, tovuti imeleta wateja. Kimeza kinabaki."

Shangazi akatazama huku na huku. Mume mmoja alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa. Mwingine ameegemea mashine, na mashine ikitikisika na yeye anatikisika.

"Imeleta, sibishi," akasema. "Hongera, mwanangu, umenitoa kimasomaso. Sasa waume wangu watakaa wapi?"

"Shangazi, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana isipoleta. Imeleta kupita kiasi. Shika upande ule tukitoe."

Kimeza kikatoka. Mwashi alisaidia kubeba kwa mkono mmoja, mwingine umeshika shuka, na mlangoni palipohitaji mikono miwili sitaeleza yaliyotokea.

Likaingia benchi refu. Dondoo siku hizi anaandikia hapo, kompyuta magotini, amebanwa na waume wawili wanaosoma kila neno kabla hajamaliza kuliandika.

"Kaka, 'waepuke wanaokupotezea muda.' Hapo unamsema nani?"

"Namsema mtu wa jumla."

"Mbona umenitazama?"

Niseme ukweli, maandishi yake yamekuwa bora. Yamekuwa mafupi. Ya juzi yaliishia katikati ya sentensi, nikampigia simu kumuuliza kulikoni. Akanong'ona kwamba makanika amesinzia begani kwake, mkono wa kuandikia umebanwa, na Shangazi amepiga marufuku kuamsha wateja.