Zamu ya Crisanto

Shemeji yangu Crisanto aligema minazi ya kijiji chetu, hapa kisiwani Leyte, kwa miaka thelathini, na sitamfichia kwa kuwa ni ndugu: alikuwa mlevi. Kwenye maduara ya wanaume ya kunywa tembo yeye ndiye aliyemimina. Kwetu duara lina glasi moja tu, inazunguka, na mmiminaji lazima awe mtu wa haki, asimpunje huyu na kumjazia yule. Walimsifu mno. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hakulitia maji, alilimaliza.

Dada yangu, mkewe, alikufa akimngoja aache. Kisha, miezi mitatu iliyopita, Crisanto alimbeba mjukuu wake akiwa amelewa, akateleza kwenye ngazi ya nyumba. Mtoto hakuumia, lakini binti yake Lorelie alimpokonya, na tangu siku hiyo hakumpa tena.

Ubatizo wa mtoto ulikuwa Jumapili. Jumamosi Lorelie alimwambia mbele yangu:

"Baba, yule mama wa zahanati anasema kuna watu wanakutana leo saa tisa, nyuma ya kanisa la San Roque. Walevi walioacha. Nenda. Ukirudi mkavu, kesho utambeba mtoto hadi kwa padri. Ukirudi unanuka, kaa hukohuko."

"Na nani atanipima?"

"Pua yangu."

Crisanto akaondoka. Lorelie akanipa jicho, nami nikamfuata kwa mbali na mwavuli wangu, mpelelezi asiye na mshahara.

Kwa jirani yetu Berting duara lilikuwa limeshaanza.

"Mmiminaji wetu huyo!" Berting akainua glasi. "Moja tu, kaka, ya njiani."

Kuikataa glasi ni kumkataa anayekupa. Watu wamechomana visu kwa hilo. Crisanto alisimama, akaitazama glasi.

"Nikirudi," akasema. "Niwekeeni zamu yangu."

Nilitamani kumtandika na ule mwavuli. Zamu uliyoiomba mwenyewe utaikwepaje?

Nyuma ya kanisa kulikuwa na wanaume watano na mwanamke mmoja, wameketi duara kwenye viti vya plastiki. Katikati palikuwa na jagi na glasi moja.

Crisanto akaganda, kisha akageuka. Uso ule sikuuona hata siku tulipomzika dada yangu.

"Umeona, shemeji?" Kumbe muda wote alijua niko nyuma yake. "Hata hapa, nyuma ya kanisa. Basi bora nikanywe na watu ninaowajua."

Hasira zilinipanda. Niliwaendea palepale. "Hamna haya nyie? Mtu anakuja kuacha, mnamwekea jagi?"

Mzee mwenye jagi hakuinuka. Alikuwa Tiburcio, seremala wa ng'ambo ya mto, ambaye nilidhani pombe ilishamzika.

"Onja kwanza, mama, ndipo utukane."

Nikaonja. Maji ya tangawizi, makali ya kuunguza ulimi.

"Tulijaribu kila mtu na kikombe chake," akasema. "Tukawa tunakaa kimya kama tuko kwa daktari. Sisi hatujui kusema ukweli bila glasi kuzunguka. Tumelelewa hivyo." Akampazia sauti Crisanto, aliyekuwa ameshafika kwenye kona ya ukuta. "Wewe ndiye yule wa kumimina kwa haki. Njoo basi, mkono wangu unatetemeka."

"Wangu unatetemeka zaidi."

"Utamwaga. Nani atalilia tangawizi?"

Alirudi. Alimimina, akamwaga nusu yake. Kila aliyepokea alitaja siku zake bila pombe, akanywa, akarudisha glasi. Yule mwanamke alikuwa na siku mia mbili na nne. Zamu ya Crisanto ilipofika, aliishika glasi kwa muda mrefu.

"Tangu jana," akasema. Hakuna aliyecheka.

Wakati wa kurudi nilimsihi tupitie mashambani.

"Niliomba zamu, shemeji," akasema, akakata njia ileile.

Berting alimpa glasi imejaa hadi ukingoni tembo letu, jekundu kwa gome la mkoko. Crisanto aliipokea kwa mikono miwili. Kwetu tone la kwanza humwagwa chini, la wale wasioonekana, ndipo mtu anywe. Aliinamisha glasi, tone likaanguka, na hakuiinua tena. Aliendelea kumwaga polepole mpaka ikaisha, kisha akamrudishia mwenyewe.

"Yangu nimewapa wao."

Mkono wa Berting ulikuwa mezani, karibu na kisu cha nyama. Aliitazama ardhi iliyolowa, akamtazama Crisanto.

"Basi leo mizimu italala chali," akasema hatimaye. Mmoja akacheka, na wengine wakafuata.

Lorelie alikuwa akitungoja kwenye ngazi na mtoto. Aliinama akamnusa babake mdomo, bila aibu, kama anayenusa wali wa jana.

"Tangawizi," akasema.

"Tangawizi."

Akamweka mtoto mikononi mwake. Mikono ilitetemeka, na mtoto akatetemeka nayo. Lorelie hakuiondoa mikono yake chini ya mtoto, na babake hakumwomba aiondoe. Kesho yake walimfikisha kwa padri hivyohivyo, wamemshika wote wawili, wakipita mlangoni kwa ubavu.