Sili ya Nyuma na Kuku wa Ukweni

Pikapu yangu haijawahi kuharibika siku ambayo sina haraka. Siku hiyo nilitoka Kibara kwenda Butiama kumchukua mama mkwe aje akae na mke wangu, aliyekuwa ametoka kujifungua. Nilipofika Bunda, bereki zikagoma. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelowa oili.

"Sili hiyo," fundi akasema bila hata kuinama.

Sili ni pete ya mpira inayokumbatia ekseli ili oili isivuje. Mdomo wake ukilika, oili inafika kwenye bereki, nawe unasimamisha gari kwa sala. Fundi alichomoa ekseli, akaing'oa sili kuukuu kwa bisibisi, akapangusa nafasi yake. Mimi, mjuaji, nikamsimamia nikimfundisha kazi yake: igonge taratibu, isikae upande.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Baba, kuku ameiva. Utakula?"

Papo hapo fundi akapaza sauti kutoka chini ya gari: "Tunaanza na sili au beringi?"

"Sili!" nikafoka. "Nimesema sili!"

Simu ikakatika. Nikaulaumu mtandao.

Butiama sikukuta begi la safari mlangoni. Mama mkwe alinipa kiti, akaenda kukaa mbali.

"Twende, mama. Mjukuu anakusubiri."

"Siendi. Majirani walikuwaga wanakula hapa. Tangu mume wangu afariki hakuna anayegusa sahani yangu, wananong'ona eti chakula changu ndicho kilichomuua. Nikasema mkwe wangu atakula. Na wewe unanipigia kelele, sili, sili! Chakula changu ukikiogopa, huyo mtoto nitamshika kwa mikono gani?"

Kicheko kilinijia, nikakizuia. Nilimwonea huruma. Nikakimbilia garini, nikamletea ile sili kuukuu niliyoondoka nayo kwa fundi, nikamweleza fundi alivyouliza na mimi nilivyojibu. Aliigeuzageuza, akainusa.

"Haka kampira?"

"Hako hako, mama."

Hakucheka. Aliingia jikoni, akatoka na ugali na kuku mzima aliyefunikwa. Nikanyoosha mkono nipokee, akanipita. Akabeba chakula hadi nje kabisa, kando ya njia wanayopita majirani kwenda kisimani, akaniwekea kigoda.

"Kula hapa," akasema.

Nikala polepole, na kila aliyepita nilimkaribisha.